Metali ya mabomba ya intakula

Mabomba ya intakula ni mabomba yanayopitisha hewa iliyoshindiliwa kutoka kwenye turbochaja (kwa kifupi turbo) hadi kwenye kipozahewa cha gari, ambacho mafundi hukiita intakula, na kutoka humo hadi kwenye injini. Katika magari ya kawaida ya barabarani mabomba haya hutengenezwa kwa alumini, chuma cha kawaida, feleji isiyoshika kutu (stenlesi) au plastiki ngumu, na huunganishwa kwa hosi za mpira au silikoni.

Swali la metali ipi itumike huibuka pale mwenye gari anapobadilisha bomba la kiwandani lililopasuka, anapohamisha intakula kutoka juu ya injini na kuiweka mbele ya rejeta, au anapofunga turbo kwenye injini ambayo haikuzaliwa nayo. Jibu linalosikika mara nyingi gereji ni kwamba inafaa metali inayopitisha joto vizuri kuliko zote, kwa kuwa shughuli nzima ni ya kupoza hewa. Jibu hilo linakosea. Kupoza ni kazi ya intakula yenyewe. Kazi ya bomba ni kufikisha hewa bila kuvuja, bila kuingiza uchafu ndani ya injini na bila kukatika kwa mtikisiko. Metali huchaguliwa kwa mambo hayo matatu, pamoja na la nne ambalo vitabu hulisahau: ni metali gani fundi aliye karibu anaweza kuichomelea vizuri.

Safari ya hewa

Hewa huingia kwa kupitia chujio, ambalo mafundi hulijua kama ea klina, kisha hufika kwenye kompresa ya turbo. Kompresa ni feni ndogo inayozungushwa na moshi wa ekzosi kwa kasi kubwa sana, mara nyingi zaidi ya mizunguko 100,000 kwa dakika. Hewa ikishindiliwa hupata joto. Ni jambo lile lile linaloonekana kwenye pampu ya baiskeli: ukijaza upepo kwa nguvu, mdomo wa pampu huwa moto mkononi.

Hewa ya moto ni nyepesi, yaani chembe zake zimekaa mbalimbali, hivyo oksijeni inayoingia ndani ya silinda hupungua. Katika injini ya petroli kuna hatari zaidi, kwani hewa yenye joto kali inaweza kufanya mafuta yalipuke kabla ya wakati wake. Mlipuko huo husikika kama kugongagonga na unaweza kutoboa pistoni. Ndiyo sababu hewa hupitishwa kwanza kwenye intakula, ambayo ni kama rejeta ndogo: mirija mingi bapa yenye mapezi membamba, inayopigwa na upepo wa safari.

Bomba linalotoka kwenye turbo hadi kwenye intakula huitwa upande wa moto, na lile linalotoka kwenye intakula hadi kwenye injini huitwa upande wa baridi. Tofauti hii ni muhimu katika kuchagua metali, kwa sababu pande hizi mbili hazina adui mmoja. Upande wa moto hupambana na joto na mtikisiko wa turbo. Upande wa baridi hauna joto kubwa, lakini chochote kinachobanduka ndani yake huenda moja kwa moja kwenye vali na silinda, maana baada ya hapo hakuna chujio tena.

Historia fupi

Turbo ilibuniwa na mhandisi Mswisi Alfred Büchi, aliyepewa hataza mwaka 1905. Faida yake katika nyanda za juu ilionekana mapema. Mwaka 1918 Mmarekani Sanford Moss alipeleka injini ya ndege yenye turbo juu ya mlima Pikes Peak, Colorado, kwenye kimo cha takribani mita 4,300, akaonyesha kwamba nguvu inayopotea kwa uchache wa hewa inaweza kurudishwa.

Magari ya abiria ya kwanza kuuzwa yakiwa na turbo yalitoka Marekani mwaka 1962: Chevrolet Corvair Monza na Oldsmobile Jetfire. Hayakuwa na intakula. Jetfire ilipoza mchanganyiko wake kwa kunyunyiza maji na methanoli, na dereva alipaswa kukumbuka kujaza tangi la maji hayo, jambo ambalo wengi walisahau. Porsche iliweka intakula kwenye 911 Turbo yake ya lita 3.3 mwaka 1978, na baada ya hapo kifaa hiki kikaenea.

Afrika Mashariki ilizifahamu turbo za petroli kwa macho kupitia mashindano ya Safari Rally nchini Kenya. Toyota Celica yenye turbo ilishinda miaka ya 1984, 1985 na 1986. Mitsubishi Lancer Evolution ilishinda mwaka 1996 na Subaru Impreza mwaka 1997. Haikuchukua muda Subaru na Mitsubishi zilizotumika Japani zikaanza kuonekana katika mitaa ya Nairobi, Arusha na Dar es Salaam. Katika Impreza na Forester zenye turbo, intakula hukaa juu ya injini chini ya tundu la boneti, kwa hiyo mabomba yake ni mafupi. Mwenye gari akitaka kuipeleka mbele ya rejeta, mabomba hurefuka hadi mita mbili au zaidi, na hapo ndipo maswali ya metali yanapoanza. Kwa upande wa dizeli, injini ya Toyota 1HZ ya lita 4.2, iliyomo katika Land Cruiser nyingi za vijijini, hutoka kiwandani bila turbo, na wako wanaoifungia.

Hewa ya Ufipa

Nyanda za juu za Ufipa katika mkoa wa Rukwa ni mahali pazuri pa kuonyesha suala hili kwa hesabu. Mji wa Sumbawanga, pamoja na kata zake kama Kasense, uko kwenye kimo cha takribani mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, karibu sawa na Naivasha kunakofanyika Safari Rally ya siku hizi. Kanieneo ya hewa Dar es Salaam ni kama kilopaskali 101. Sumbawanga ni kama 81 au 82. Injini isiyo na turbo ikitoka pwani na kufika Sumbawanga hupoteza takribani sehemu moja ya sita ya nguvu zake, hata kama haina ubovu wowote. Madereva wa malori wanalijua hilo bila kusoma fizikia.

Turbo hurekebisha hali hiyo, lakini si bure. Tuseme gari linahitaji hewa ya kilopaskali 170 kwenye injini. Dar es Salaam kompresa itazidisha kanieneo mara 1.7, Sumbawanga italazimika kuizidisha karibu mara 2.1 ili kufikia kiasi kile kile. Kwa kompresa yenye ufanisi wa asilimia 70, hewa ya Dar es Salaam yenye sentigredi 30 itatoka ikiwa na takribani sentigredi 100. Hewa ya Sumbawanga, ingawa imeingia ikiwa na sentigredi 20 tu, itatoka ikiwa na karibu sentigredi 118. Baridi ya Ufipa, ambayo wageni huilalamikia sana mwezi Juni na Julai, haitoshi kufidia kazi ya ziada ya kompresa. Bomba la upande wa moto lililovumilia pwani linaweza kushindwa huku.

Jiografia ina jambo jingine. Barabara kutoka uwandani kwenda Bonde la Rukwa huteremka ukingo wa Lyambalyamfipa, na gari hupanda au kushuka karibu mita 1,000 katika mwendo mfupi. Gari lenye mzigo likipanda kutoka Muze kurudi Ntendo hutembea polepole, injini ikivuta kwa nguvu zote na upepo wa kupoza intakula ukiwa mdogo. Hakuna kipimo kikali zaidi cha bomba na viungio vyake. Ajali ya kawaida mahali kama hapo ni hosi kuchomoka: dereva husikia mlio kama wa tairi kupasuka, kisha gari linaishiwa nguvu na kutoa moshi mweusi.

Wafipa wenyewe si wageni wa jambo la hewa, moto na chuma. Mafundi wao wa zamani waliyeyusha mawe ya chuma katika tanuri ndefu za udongo ziitwazo malungu, zenye kimo cha mita tatu hivi, ambazo zilivuta hewa zenyewe kwa kupitia mirija ya udongo iliyopangwa chini. Chuma kilichopatikana kilisafishwa tena katika tanuri ndogo, kintengwe, iliyopulizwa kwa mivukuto. Tofauti ya tanuri hizo mbili ndiyo tofauti ya injini ya kawaida na injini ya turbo: moja hungoja hewa ije, nyingine husukumiwa.

Je, bomba hupoza hewa?

Kwa wastani shaba hupitisha joto mara 25 zaidi ya stenlesi, na aloi ya alumini ya mabomba mara 10 zaidi ya stenlesi. Mtu akiangalia namba hizo peke yake atachagua shaba bila kusita. Katika ukanda ambamo malori yenye shaba ya Zambia na Kongo hupita Tunduma kila siku, wazo hilo halishangazi.

Lakini joto la hewa lina vizuizi vitatu vya kuvuka ili litoke nje. Kwanza ni kutoka kwenye hewa ya ndani hadi kwenye ukuta wa bomba, pili ni kupenya ukuta wenyewe, na tatu ni kutoka kwenye ukuta hadi kwenye hewa ya nje. Hewa haipitishi joto vizuri, kwa hiyo karibu kizuizi chote kiko katika hatua ya kwanza na ya tatu. Ukuta wa bomba una unene wa milimita moja na nusu tu. Hata ukiwa wa stenlesi, tofauti ya joto kati ya uso wake wa ndani na wa nje haifiki nusu ya digrii. Kuubadilisha uwe wa shaba ni kama kupanua mlango wa kati wa nyumba huku mlango wa mbele na wa nyuma ikibaki myembamba ile ile.

Isitoshe, hewa haikai. Katika bomba la milimita 60, injini ikivuta kwa nguvu, hewa hupita kwa kasi ya mita 30 hivi kwa sekunde. Mita mbili za bomba huzimaliza katika muda usiofika sehemu ya kumi ya sekunde. Joto linalopotea njiani ni digrii chache tu, nayo intakula nzuri hushusha digrii 50 au zaidi. Chini ya boneti, ambako hewa ya nje yenyewe ni ya moto, bomba la upande wa baridi linaweza hata kurudisha joto ndani. Kwa sababu hiyo watengenezaji wengi wa magari mapya hutumia plastiki upande huo, ingawa plastiki hupitisha joto vibaya kuliko metali zote.

Nguvu ya metali nayo si tatizo. Msukumo wa turbo wa kilopaskali 100 juu ya kanieneo ya nje huivuta kuta za bomba la alumini kwa kiasi kisichofika hata asilimia tano ya uwezo wake. Bomba la intakula halipasuki kwa kujazwa hewa. Hupasuka kwa kutikiswa, kwa kuliwa na kutu, au pale lilipochomelewa vibaya.

Alumini

Alumini ndiyo metali inayotumika zaidi kwa mabomba ya kubadilishia, hasa aloi zenye magnesi na silikoni kidogo kama ile ijulikanayo kwa namba 6061. Mita moja ya bomba la milimita 63 lenye ukuta wa milimita 1.6 ina uzito wa gramu 840 hivi. Bomba la chuma la kipimo hicho hicho huwa na kilo 2.4. Kwa mita tatu tofauti ni chini ya kilo tano, ambazo haziliongezei gari la familia mwendo wowote. Uzito unaofaa kuangaliwa ni ule unaoning'inia: bomba zito linalotikisika kwenye barabara ya vumbi yenye matuta madogo madogo huivuta hosi na kuikata breketi mapema.

Sifa yake kubwa ni kwamba haishiki kutu nyekundu. Uso wa alumini hufunikwa mara moja na utando mwembamba wa oksidi unaoilinda. Utando huo haubanduki vipande vipande kama kutu ya chuma, hivyo injini haimezi uchafu. Katika upande wa baridi hii ni sababu tosha ya kuichagua.

Ina udhaifu wake. Chuma kikitikiswa chini ya kiwango fulani cha nguvu kinaweza kuvumilia bila kikomo, lakini alumini haina kiwango hicho. Mtikisiko mdogo wa miaka mingi huichosha hadi ikatoa ufa, na ufa huanzia kwenye mshono wa kuchomelea. Bomba la alumini kwa hiyo lazima lishikwe kwa breketi zenye mpira na liachiwe nafasi ya kucheza kwa hosi, maana injini hujisukasuka kila gia inapobadilishwa. Vilevile alumini iliyogusana na chuma mahali penye maji, hasa maji ya chumvi ya pwani, huliwa polepole. Kipande cha mpira kati ya bomba na breketi ya chuma hutibu matatizo yote mawili.

Chuma cha kawaida

Bomba la chuma, mara nyingi lile lile linalouzwa kwa ajili ya ekzosi, ndilo rahisi kupatikana na rahisi kuchomelewa. Haliogopi joto la turbo, halibonyei ovyo, na likipasuka fundi yeyote wa mageti anaweza kuliziba. Kwa gari linalofanya kazi mbali na miji mikubwa hili si jambo dogo. Sumbawanga iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam kwa barabara, na gari lililosimama kwa kungoja kipuri halimwingizii mwenyewe chochote.

Adui wa chuma ni kutu ya ndani. Usiku wa baridi unyevu uliomo katika hewa hugeuka matone ndani ya bomba, na matone hayo huanza kazi. Gari linalotembea kila siku huwa na kinga fulani, kwa sababu mvuke wa oili kutoka kwenye injini na turbo hupaka ukuta wa ndani utando mwembamba. Gari linaloegeshwa kwa miezi wakati wa masika, kisha likawashwa na kukanyagwa, ndilo linalomeza magamba ya kutu. Kama magamba yametoka upande wa moto, mengi yatanaswa na mirija ya intakula, ambayo polepole huziba. Yakitoka upande wa baridi huingia injini, na huko hukwaruza kuta za silinda kama msasa. Mwenye gari huliona tatizo baadaye sana, injini inapoanza kula oili, na kwa wakati huo hakuna anayelikumbuka bomba.

Chuma kinaweza kutumika upande wa moto bila wasiwasi mwingi, na kupakwa rangi ya kuhimili joto kwa nje. Rangi ya ndani haifai, kwani nayo hubanduka. Bomba la maji lililopakwa zinki pia halifai. Zinki ikichomelewa hutoa moshi mweupe unaomletea fundi homa na kutetemeka saa chache baadaye, na utando wake ukiungua hubaki vipande vinavyosubiri kuchukuliwa na hewa.

Stenlesi

Feleji isiyoshika kutu ni chuma kilichochanganywa na kromi, angalau asilimia 10.5, na mara nyingi nikeli pia. Kromi hutengeneza utando wa kinga kama ule wa alumini. Stenlesi ina uzito sawa na chuma, bei ya juu zaidi, na uvumilivu mkubwa wa joto na mtikisiko.  Ukuta wake unaweza kufanywa mwembamba, milimita 1.2 au hata 1, na hivyo uzito ukapungua.

Kwa bomba fupi linalotoka kwenye turbo, stenlesi ni chaguo zuri kuliko yote. Kwa mfumo mzima ni gharama isiyo na lazima, isipokuwa kwa gari la pwani linalokaa karibu na bahari.

Shaba, titani na plastiki

Shaba ni nzito kuliko chuma, ni laini, ni ghali, na hugeuka ngumu na kupasuka ikitikiswa kwa muda mrefu. Titani ni nyepesi na imara, lakini bei yake na ugumu wa kuichomelea, kwani hewa haitakiwi kuigusa ndani wala nje ikiwa moto, huifanya kuwa ya magari ya mashindano.

Plastiki ya kiwandani ni nailoni iliyotiwa nyuzi za kioo, na hufanya kazi vizuri hadi inapozeeka na kupasuka kwenye shingo. Haifanani kabisa na bomba la maji la PVC, ambalo baadhi ya watu hulifunga kwa kubana matumizi. PVC huanza kulegea karibu na sentigredi 80. Hesabu ya hapo juu inaonyesha kwamba hewa inayotoka kwenye turbo Sumbawanga inaweza kuzidi sana kiwango hicho. Bomba hilo litaonekana zima likiwa gereji, kisha litalainika katikati ya mlima.

Kukunja na kuchomelea

Kona nyingi huharibu mtiririko wa hewa kuliko metali yoyote. Kona nzuri ni ile isiyobonyea, yenye upana ule ule mwanzo hadi mwisho. Mafundi wasio na mashine hujaza bomba la chuma mchanga mkavu, hulipasha moto na kulikunja, na mchanga huzuia ukuta usibonyee. Njia hii ni ya zamani na ni nzuri, ila ina hatari moja kubwa kwa kazi hii: mchanga uliobaki ndani. Bomba lililokunjwa hivyo lazima ligongwe, lisuguliwe kwa brashi ndefu, lioshwe na kukaushwa kabla ya kufungwa. Punje chache zinatosha kuharibu injini.

Kuchomelea ndiko hasa kunakoamua. Chuma huchomelewa kwa mashine ya kawaida ya elektrodi, ingawa ukuta wa milimita moja na nusu hutobolewa kirahisi na fundi asiye na mkono mwepesi, na matone ya chuma yanayorukia ndani ni lazima yatolewe. Alumini ina shida ya pekee. Utando wake wa oksidi huyeyuka kwenye joto la sentigredi 2,070 hivi, ilhali metali yenyewe iliyo chini huyeyuka kwenye 660. Tena haiwi nyekundu kabla ya kuyeyuka kama chuma. Huonekana ile ile, kisha ghafla inadondoka. Kazi safi huhitaji mashine ya TIG ya umeme wa kubadilika na mtungi wa gesi ya agoni, pamoja na fundi aliyeizoea. Kwa moto wa asetilini na dawa ya kuondolea oksidi inawezekana pia, lakini mabaki ya dawa hiyo hula metali yasipooshwa vizuri.

Mshono mbaya wa alumini una matundu madogo yasiyoonekana kwa jicho. Bomba la alumini lililochomelewa vibaya ni baya kuliko bomba la chuma lililochomelewa vizuri. Pasipo na mashine ya TIG, ni afadhali kununua kona na vipande vya alumini vilivyo tayari na kuviunganisha kwa hosi za silikoni, bila kuchomelea kabisa.

Ncha na viungio

Katika kila ncha ya bomba kunatakiwa kuwe na tuta dogo linalozunguka, ili hosi isiteleze. Sababu yake ni hesabu ya shule. Bomba la milimita 63 lina eneo la sentimita za mraba 31 hivi. Msukumo wa kilopaskali 100 hulisukuma eneo hilo kwa nguvu ya niutoni 310, sawa na mzigo wa kilo 32 unaojaribu kuichomoa hosi kila dereva anapokanyaga mafuta. Bomba laini lililopakwa oili kwa ndani, lenye klipu ya kawaida ya rejeta, haliwezi kuushika mzigo huo kwa muda mrefu. Tuta kwenye alumini hutolewa kwa kifaa kidogo cha mkono. Kwenye chuma fundi anaweza kuchomelea waya mwembamba kuzunguka ncha na kuulainisha kwa tupa.

Hosi za silikoni huvumilia joto kuliko za mpira, lakini oili hupenya ndani yake na kuzilainisha. Turbo inayovuja oili itaziharibu haraka, na kuzibadilisha bila kutibu turbo ni kupoteza fedha.

Dalili za kuvuja

Katika Subaru za petroli na nyingine nyingi, sensa inayopima hewa hukaa kabla ya turbo. Hewa ikivuja baada ya hapo, kompyuta ya gari huamini kwamba imefika injini, na humwaga petroli kwa kiasi hicho. Gari hutoa moshi mweusi, hunuka petroli na kula mafuta mengi. Dizeli nayo hutoa moshi mweusi na kukosa nguvu. Katika hali zote mbili turbo hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili kufidia hewa iliyopotea, na katika nyanda za juu, ambako tayari inafanya kazi ya ziada, hilo hufupisha maisha yake. Turbo nyingi hulaumiwa kuwa ni mbovu na kubadilishwa wakati kosa lilikuwa ufa wa sentimita mbili kwenye bomba.

Ufa hutafutwa kwa kuziba mdomo wa kuingilia hewa, kujaza upepo kidogo kwa kompresa ya matairi, usiozidi ule ambao turbo huutoa, na kupaka maji ya sabuni kwenye kila mshono na kiungio. Povu huonyesha mahali.